Kilichosemwa na Kilichosikika: Umisionari Mbele ya Jando na Jani la Isale

Katika chuo kimoja cha teolojia ambako niliwahi kufundisha somo la umisionari, wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wakipewa kila likizo zoezi lile lile: kila mmoja arudi kwao, aorodheshe mila za watu wake, kisha azipange katika jedwali la safu mbili, mila zinazofaa kushoto na mila potofu kulia. Mwanafunzi mmoja aliyetoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro aliniletea jedwali lililopigwa mistari kwa rula, lenye mila kumi na nne. Kumi na tatu zilikuwa zimetulia mahali pake. Ya kumi na nne ilikuwa imeandikwa kushoto, ikafutwa, ikaandikwa kulia, ikafutwa tena hadi karatasi ikakaribia kutoboka, na mwishowe ikaachwa juu ya mstari wa katikati. Ilikuwa ni isale.

"Hii imenishinda, Mwalimu," alisema, na akanieleza. Isale ni mmea wa majani marefu ambao Wachaga huupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye migomba, na penye makaburi, na jani lake likipelekwa kwa mtu uliyemkosea huwa ni ombi la msamaha ambalo si rahisi kulikataa. Baba zake wakubwa wawili walikuwa wamegombania mpaka wa kihamba kwa miaka miwili. Wazee wa kanisa walikwenda mara tatu, mchungaji mara moja; waliomba, wakasoma Maandiko, wakarudi walivyokwenda. Kisha Jumamosi moja yule aliyesogeza mpaka alimtuma mdogo wao apeleke isale, na ndugu yake, ambaye kwa muda wote huo hakuwa akiitikia hata salamu, akaipokea kwa mikono miwili. Kesho yake wakaenda pamoja kwenye Meza ya Bwana. "Mchungaji anasema walipatana kanisani Jumapili," alisema yule kijana. "Bibi anasema walipatana Jumamosi. Sasa niandike safu ipi?"

Nilikosa jibu la kumpa, nikampa alama. Lakini tangu hapo nililitilia shaka lile jedwali, na kadiri nilivyoendelea kufundisha nilizidi kuona kwamba kosa lake halikuwa katika kuhukumu mila, kwa maana Injili inahukumu mila za watu wote, za Wayahudi na za Wajerumani zikiwamo. Kosa lake lilikuwa kuhukumu kabla ya kusikiliza, na kuhukumu upande mmoja tu. Mila za kijijini ziliwekwa mezani zikapangwa. Mahubiri ya mchungaji, sherehe za kanisa, michango, kanzu, kengele na kamati za kanisa hazikupangwa na mtu yeyote katika safu yoyote.

Somo la umisionari katika vyuo vyetu vingi hufundishwa kwa mikono miwili isiyoshikana. Mkono mmoja ni wa teolojia: Mathayo 28, safari za Paulo, maana ya wokovu, kanisa kutumwa. Mkono wa pili, ukiwapo, ni wa antropolojia ya utamaduni, yaani elimu ya namna watu wanavyoishi, wanavyooana, wanavyozikana na kuyapa maisha yao maana. Na huo mara nyingi hufundishwa kama matayarisho tu, kama mtu anavyouliza njia kabla ya kuanza safari. Wa kwanza unauliza ni habari gani iliyopelekwa. Wa pili, ukiachwa ufanye kazi yake, unauliza ni habari gani iliyosikika. Hoja yangu ni kwamba somo lenyewe liko katika pengo lililo kati ya hayo mawili, na asiyeliona pengo hilo anaweza kujua tarehe zote za misheni bila kuujua umisionari.

Si kwamba elimu hizi mbili hazikuwahi kukaa nyumba moja. Padre Wilhelm Schmidt alianzisha jarida la Anthropos mwaka 1906 ili wamisionari waandike waliyoyaona, na Edwin Smith, aliyekuwa mmisionari wa Kimethodisti miongoni mwa Waila wa Zambia ya leo, alikuwa rais wa Taasisi ya Kifalme ya Antropolojia ya Uingereza kuanzia 1933 hadi 1935. Walijua mengi. Ila katika urafiki huo antropolojia ilichukuliwa zaidi kuwa chombo cha kuwasoma wanaohubiriwa, na anayehubiri alibaki nyuma ya kamera.

Mfano ambao kila kitabu cha umisionari wa Afrika Mashariki huutaja ni wa Masasi. Chama cha misheni cha Kianglikana cha UMCA, kilichozaliwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, kiliwafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani mwaka 1876, chini ya Edward Steere, kutoka Zanzibar. Waliowazunguka walikuwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, na kwa watu hao mvulana asiyepita jandoni si mtu mzima, awe amebatizwa au hajabatizwa. Kwa miaka mingi misheni iliona wavulana wake wa Jumapili wakitoroka kwenda kumbini, yaani kambi ya jando porini, na kurudi wakiwa na siri ambazo padre hakuruhusiwa kuziuliza. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, anakumbukwa kwa kuamua kwamba jando lisipigwe vita wala lisiachwe lilivyo, bali lifanywe la Kikristo. Jando la namna hiyo lilianza kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Wavulana walitangulia kanisani, padre alikuwa na nafasi yake kambini, sala zilichukua mahali pa matambiko kwa mizimu, na waliporudi walipokelewa kwa ibada.

Hebu tulitazame kumbi lenyewe kwa karibu. Mvulana hutolewa kwa mama yake, hunyolewa, hupelekwa porini. Hutahiriwa na ngariba. Hukaa huko akiuguza kidonda, akifundishwa kwa nyimbo na kwa mafumbo, akichapwa, akilala chini, akila anachopewa. Siku ya kutoka, kibanda alichokaa huchomwa moto, naye huambiwa aondoke bila kugeuka nyuma. Hurudi na jina jipya na nguo mpya, na mama yake hujifanya anamwona kwa mara ya kwanza. Arnold van Gennep, aliyeandika mwaka 1909 juu ya sherehe za kuvuka, angeyatambua mara moja mambo matatu aliyoyataja: kutengwa, kukaa kando, kurudishwa. Na mwanateolojia yeyote mwenye masikio atayasikia maneno ya Paulo kwa Warumi juu ya kuzikwa na kufufuka katika ubatizo, na labda atamkumbuka mke wa Lutu. Ukiupima mpango wa Lucas kwa hatua hizo, utaona kwamba kanisa lilishika mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Ndani ya uwanja, mahali ambapo mtoto anageuzwa kuwa mtu, wazee waliendelea kuwa na neno lao, na padre alikuwa mgeni aliyekaribishwa.

Hapo teolojia ina swali gumu ambalo wanaoisifu Masasi huliruka. Katika Matendo 15 mitume walikutana Yerusalemu kuamua kama Mataifa, yaani wasio Wayahudi, watahiriwe, wakaamua hapana. Na barua kwa Wagalatia inasema wazi kwamba mkitahiriwa, Kristo hatawafaidia neno. Inakuwaje basi askofu Mkristo asimamie tohara ya Mataifa na kuibariki? Kwa jicho la teolojia peke yake, Masasi ni kinyume cha Galatia. Antropolojia ndiyo inayolifungua fundo, kwa kuonyesha kwamba kisu kile kile kinaweza kukata katika lugha mbili tofauti. Galatia tohara ilikuwa alama ya kuingia katika agano la taifa lingine; ilisema, "Huwezi kuwa wa Mungu mpaka uwe Myahudi." Masasi ilikuwa alama ya kutoka utotoni; ilisema, "Huwezi kuwa mume mpaka uwe mtu mzima." Kwa hiyo kulikataza jando lingekuwa ndiyo kurudia kosa la Galatia, kwa sababu lingesema, "Huwezi kuwa wa Kristo mpaka uache kuwa Mmakua." Ni teolojia safi ya Paulo, lakini hufiki hapo bila kujua kwanza jando ni nini kwa wenye jando.

Basi Lucas anastahili sifa? Kiasi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika utafiti wake uliotoka mwaka 1972, alionyesha mambo ambayo masimulizi ya askofu mwenye busara huyaficha. Kwanza, mashauri hayo hayakuanzia katika kichwa cha Lucas. Mapadre na walimu Waafrika walikuwa wakibishana juu ya jando muda mrefu, wengine wakilitetea na wengine wakilipinga kwa ukali kuliko Wazungu. Pili, jando lililokutana na kanisa halikuwa mila ya kale iliyokaa tuli ikingoja kubatizwa. Miongoni mwa Wayao ilikuwapo sherehe iliyoitwa lupanda, na kuelekea mwisho wa karne ya 19 ilikuwa ikipokea sura ya Kiislamu iliyotoka pwani. Jina lenyewe la jando lilisambaa pamoja na mabadiliko hayo. Wakati askofu anafikiri anaifanya mila ya Kiafrika kuwa ya Kikristo, wenyeji walikuwa katikati ya safari nyingine kabisa, na yeye alikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakivuta kamba. Tatu, ruhusa ya kufanya sherehe hizo ilikuwa ya mwenye mji, na kwayo watu walijua nani mkubwa wa nchi. Padre alipoanza kusimamia jando, heshima ya mwenye mji ilipungua kidogo, na hakuna mstari wa teolojia uliolitaja jambo hilo.

Halafu kuna upande wa wanawake. Jaribio la kufanya malango, yaani unyago wa wasichana, kuwa ya Kikristo halikufika mbali kama la wavulana. Sababu moja ni dhahiri kwa yeyote aliyekulia Kusini: padre mwanamume anaweza kukaa kumbini na wanaume, lakini hawezi kuingia nyumba ya kungwi. Mafundisho yaliyo muhimu zaidi kwa mke na mama yaliendelea kutolewa mahali ambapo kanisa halikuwa na sikio. Antropolojia ya wamisionari wa zamani, hata iliyo bora, ilikuwa kwa sehemu kubwa antropolojia ya mazungumzo ya wanaume kwa wanaume, na teolojia ya utamadunisho, yaani ya kuivisha Injili utamaduni wa wenyeji, iliyojengwa juu yake imerithi uziwi huo.

Ninapomsoma Lucas napenda kumsoma pamoja na Yohanna Abdallah, padre Myao wa UMCA huko Unangu, kaskazini mwa Msumbiji ya leo. Mwaka 1919 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia na maisha ya Wayao, alichokiandika kwa Kiyao kwa ajili ya Wayao wenzake. Huyo ni kuhani anayeandika juu ya watu wake mwenyewe, kwa lugha yao, akiwa na madhabahu upande mmoja na kumbukumbu za babu zake upande wa pili. Ukimtafuta katika mihtasari ya somo la umisionari, mara nyingi humwoni. Utamwona Lucas.

Wengi hulinganisha Masasi na Ukikuyu, na kusema kwamba kule walisikiliza, huku walifoka. Ulinganisho huo ni wa haraka mno, kwa sababu Masasi suala kubwa lilikuwa tohara ya wavulana, na Ukikuyu lilikuwa ukeketaji wa wasichana, jambo ambalo misheni ya Waskoti ilikuwa na madaktari waliokwisha kuona madhara yake hospitalini. Ninaloliona la kufundisha zaidi katika mgogoro wa 1929 ni namna maneno yalivyosafiri. Misheni iliwataka Wakristo waweke alama ya kidole, kirore, kuthibitisha kwamba wameikana desturi hiyo. Walioona kirore kama kuuza utu wao na pengine ardhi yao walitoka, wakaanzisha shule na makanisa huru, na wimbo wa muthirigu ukaimbwa hadi serikali ikaupiga marufuku. Katika mabishano hayo watu walifungua Maandiko ya Kikikuyu yaliyotafsiriwa na misheni wenyewe, wakaonyesha kwamba Bikira Mariamu ameitwa muiritu. Kwa Kikikuyu cha siku zile muiritu ni msichana aliyekwisha kupitia irua, yaani tohara. Asiyepitia huitwa kirigu, na kirigu ni tusi. Watafsiri walitaka kusema "msichana asiyemjua mume." Wasomaji walisikia kwamba mama wa Bwana alipitia irua, sasa wao wanazuiwa kwa nini?

Mtu anaweza kucheka na kusema hilo ni kosa la kamusi. Halikuwa la kamusi. Katika mpangilio wa maisha ya Wakikuyu wa wakati huo hapakuwa na neno la heshima kwa msichana aliyekomaa ambaye hajapita irua, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo. Ili kuipata lugha ya kumtaja Mariamu, kanisa lilihitaji kwanza nafasi mpya ndani ya jamii, nafasi ya msichana kamili asiyekatwa, na nafasi kama hiyo haitengenezwi kwa kutia kidole wino. Wasichana na mama waliokuja kuitengeneza, miongo mingi baadaye, waliitengeneza kwa taratibu zao wenyewe na kwa nyimbo zao. Kwa upande wa pili, Jomo Kenyatta alikwenda London, akasoma antropolojia kwa Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu kilichoitetea irua kwa lugha ya elimu hiyo hiyo ambayo wamisionari waliidhani ni yao. Chombo kilikuwa kimegeuka mikononi. Na inafaa kusema wazi kwamba Kenyatta naye aliandika kama mwanamume, akawasemea wasichana ambao hawakuulizwa.

Tukirudi Kilimanjaro tunakutana na kosa la namna nyingine, kosa la msikilizaji hodari. Bruno Gutmann wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, alifika mwaka 1902, akafanya kazi kwa muda mrefu Old Moshi, na aliondoka mwaka 1938, ukiondoa miaka ambayo Wajerumani walifukuzwa baada ya vita. Sijui mmisionari mwingine wa nchi hizi aliyewasikiliza wenyeji kwa subira kama yeye. Kitabu chake juu ya sheria za Wachaga kilitoka 1926, na mafundisho ya jandoni aliyoyakusanya kwa wazee yakajaza majuzuu matatu. Teolojia yake ilisema kwamba Mungu mwenyewe amemfunga binadamu kwa vifungo vya ukoo, ujirani na rika, na kwamba kanisa lisipojengwa juu ya vifungo hivyo litazaa watu walio wapweke kama wale wa miji ya Ulaya. Alipanga usharika kwa majirani, akawaunganisha vijana wa kipaimara katika urafiki wa ngao uliofuata mtindo wa zamani wa rika. Anayesali leo katika jumuiya ya nyumba kwa nyumba, awe Mlutheri au Mkatoliki wa Jumuiya Ndogo Ndogo, anaweza kuona kwamba mzee huyo aligusa kitu cha kweli.

Lakini Mchaga wa Gutmann hakuruhusiwa kuzeeka. Mwaka 1925, wakati yeye anakamilisha kuandika juu ya ukoo na rika, Wachaga wenyewe waliunda chama cha wakulima wa kahawa, ambamo Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi hiyo hiyo, alikuwa mmoja wa viongozi wa mwanzo. Na mwaka 1933 ukaja ushirika wa KNCU. Kahawa, mizani, fedha, hesabu, karani, barua kwa serikali: hayo yote Gutmann aliyaona kama upepo wa nje unaobomoa nyumba. Wenyeji waliyachukua, wakayajengea humo humo kihambani, katikati ya migomba, na wakabaki na ukoo wao na isale yao. Hofu yake juu ya ubinafsi wa Wazungu ilitoka Ujerumani, katika kizazi kilichoumizwa na viwanda na miji mikubwa. Aliibeba mpaka Kilimanjaro na kuwaomba Wachaga wawe dawa ya ugonjwa wa kwao. Hapa pengo limegeuka: wenyeji walisema, naye akasikia alichokuwa anakitafuta. Mawazo yake ya watu na damu yanafanana kwa namna isiyopendeza na maneno yaliyokuwa yakipigiwa kelele Ujerumani ya miaka ya 1930, ijapokuwa nia yake haikuwa ile. Antropolojia bila teolojia inayojua kwamba kila taratibu ya wanadamu iko chini ya hukumu inaweza kuabudu ukoo. Na teolojia ya uumbaji bila antropolojia inayojua kwamba watu hubadilika inaweza kuwafungia watu makumbusho.

Hata msomi wa kwetu si salama. John Mbiti, padre Mkenya kutoka Ukamba, alifanya kazi ya maana sana alipochunguza jinsi mahubiri ya misheni ya AIM (Africa Inland Mission) juu ya kurudi kwa Yesu na juu ya mbinguni yalivyopokewa na Wakamba. Ni mfano bora wa kuuliza kilichosikika. Lakini alipotoka Ukamba akaieneza hoja kwa Waafrika wote, kwamba wakati wao una "zamani" ndefu na "sasa" na karibu hauna mbele, akatumia maneno mawili ya Kiswahili kama nguzo. Kila mtoto wa pwani angemsaidia kuhesabu: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Lugha inayotaja siku ya nne kwa jina lake haijafunga mlango wa mbele.

Kisa kinachonifikirisha zaidi hakikutoka kwa msomi. Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji, alikuwa amekwisha kujulikana kwa kitabu cha 1945 kilichodai kueleza falsafa ya Wabantu, alipokaa na wachimba shaba wa Kolwezi, Katanga, nchini Kongo, na wake zao. Huko kikatokea kikundi cha Jamaa. Mume na mke waliingia pamoja, wakaitana baba na mama, wakafundishana kwa Kiswahili cha migodini juu ya uzima, uzazi na mapendo. Maneno hayo matatu hayakuwa tafsiri ya katekisimu ya Ubelgiji. Watu waliong'olewa vijijini wakawekwa kwenye nyumba za kampuni walikuwa wakiuliza uzazi ni nini mbali na kaburi la babu, na mapendo ni nini kwa wanandoa wasio na shangazi wa kuwasuluhisha. Johannes Fabian, aliyewachunguza katika miaka ya 1960, alikuta kwamba hawezi kuwaeleza kama "mila". Walikuwa na mafundisho yao, yenye mpangilio na hoja, na walimfundisha. Padre alikuwa amekwenda kutafuta falsafa yao, wakamwonyesha kwamba wanatengeneza teolojia. Maaskofu walikuja kuibana Jamaa, na sababu zao nyingine zilikuwa za haki. Hata hivyo mwanafunzi wa umisionari atajifunza mengi katika mafundisho ya wachimba shaba wale kuliko katika mitaala mingi ya utamadunisho niliyowahi kuipitia.

Njia hiyo hiyo haina budi kutumika kwa umisionari wa leo, ambao hautoki tena Leipzig wala Cambridge peke yake. Nabii anayeuza mafuta ya upako Dar es Salaam au Nairobi naye ni mmisionari, na kumweka safu ya kulia kwa kicheko hakutuambii kitu. Anayenunua chupa ile anasikia nini? Je, anasikia zindiko kwa jina jipya, au anasikia kwamba kuna mtu aliyemgusa mwilini mahali ambapo kanisa lake la zamani lilimgusa kwa matangazo tu? Fedha inakwenda wapi, nani anaruhusiwa kusema madhabahuni, na mwanamke mgonjwa akirudi bila kupona anaambiwa kosa ni la nani? Maswali hayo ni ya antropolojia. Swali kama Mungu wa chupa ile ndiye Baba wa Yesu Kristo ni la teolojia, na mtu hawezi kulijibu kwa haki kabla ya kuyasikiliza yale ya kwanza, wala hawezi kuyasikiliza yale ya kwanza kisha akaliacha hili bila jibu, akajificha nyuma ya neno utafiti.

Zoezi la likizo nililibadilisha kabla sijaondoka chuoni. Jedwali nikalifuta. Nikawataka waandike kurasa mbili: wa kwanza, mchungaji alisema nini siku fulani, kwa maneno yake, wa pili, mtu mmoja mzima aliyekuwapo, hasa mwanamke, alisikia nini, kwa lugha ya nyumbani. Yule kijana wa isale, akiwa sasa mwaka wa tatu, alirudi na ukurasa wa kwanza umejaa mahubiri ya Ijumaa Kuu juu ya upatanisho, na ukurasa wa pili una swali tu. Alikuwa amemwuliza bibi yake alichosikia, na bibi akamjibu: "Mjukuu wangu, sisi aliyekosa ndiye hupeleka isale. Mbona katika habari yenu aliyekosewa ndiye aliyeileta?"

Tulifungua 2 Wakorintho 5, tukaisoma polepole tangu aya ya 18, na kengele ya kipindi ilipolia tulikuwa bado tuko kwenye neno "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake." Hakuna mwanafunzi aliyeinuka.